Kiraka cha Sekunde Thelathini na Moja

Mheshimiwa Erasto Nzunda, Naibu Kamishna wa Maendeleo ya Kanda, alikuwa amehutubia dakika ishirini na sita bila kusema kitu, na Tumpe Mwakatobe, aliyekuwa akimrekodi, alikuwa karibu kumvulia kofia. Watu wanadhani ni rahisi. Jaribu wewe kusimama mbele ya kijiji kizima chenye shida moja inayojulikana, shida uliyotoka kusomewa sasa hivi kwenye risala, uongee karibu nusu saa na shida hiyo usiiguse hata kwa ncha ya ulimi.

"Kasema tena 'tunatambua'," Sekela alinong'ona kwenye kisikizi, akiwa nyuma ya kamera namba mbili uwanjani. "Ya kumi na nne."

"Kumi na tano," alisema Mzee Mwaisumo, fundi sauti, aliyekuwa amekaa bega kwa bega na Tumpe ndani ya gari la mitambo. "Moja aliisema huku anakohoa."

Hao watatu ndio waliokuwa timu nzima: Tumpe mwongozaji, Sekela mpigapicha, na Mzee Mwaisumo ambaye pia ni mzee wa kanisa na hupenda ulijue hilo mapema. Siku hiyo walikuwa Ilolwa, kijiji kilichobandikwa kwenye mteremko wa milima ya Rungwe, kurekodi uzinduzi wa kibao cha kukaribisha wageni. Kibao kilikuwa kizuri, hakuna aliyebisha. Ila wenyeji hawakuwa wameomba kibao.

Walichoomba kilikuwa kwenye risala, na risala aliisoma Bi Atupakisye, mkunga wa kijiji, kwa mwaka wa ishirini na mbili mfululizo. Siku hizi hata karatasi haangalii. Droni za wagonjwa, zile zinazomfikisha mjamzito Mbeya mjini kabla hajamaliza kulalamika, haziruki kwenye ukungu, na Ilolwa ina ukungu miezi minane. Miezi hiyo mama anabebwa kwenye machela, anavushwa mlima kwa miguu ya wanaume wanne mpaka hospitali ya upande wa pili. Kwa hiyo wanaomba wodi ya wazazi. Hawaombi kingine. Mheshimiwa alisikiliza risala akitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu, kisha akasimama na kuanza kutambua.

Msimlaumu sana, maana sheria ndiyo iliyomfanya vile. Wakubwa wetu wanaikumbuka miaka ya picha za uongo, ambapo mtu yeyote mwenye simu aliweza kumfanya askofu aimbe taarabu. Ikafika mahali hakuna anayeamini anachokiona. Ndipo ikaja Sheria ya Kauli: hotuba ya kiongozi haina nguvu mpaka mrekodi aliyekula kiapo aweke dole gumba kwenye kioo cha muhuri, ndani ya saa moja tangu hotuba iishe, athibitishe kwamba kilichoonekana ndicho kilichosemwa. Ahadi ikishagongwa muhuri, gharama yake inakatwa papo hapo kwenye fungu la ofisi ya aliyeahidi, apende asipende. Waliotunga sheria walidhani viongozi sasa watatimiza ahadi. Viongozi wakaacha kuahidi. Wakaajiri wachujaji wa hotuba, watu waliosomea kabisa, kazi yao kupita kila sentensi na kung'oa ahadi kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Wa Mheshimiwa Nzunda aliitwa Bwana Ulomi, na wakati huo alikuwa amesinzia kwenye gari la msafara, kwa kuwa hotuba aliichuja mwenyewe mara tatu na hakuona cha kuhofia.

Kisha mvua ikashuka.

Mvua ya Rungwe haina hodi. Ilidondoka yote kwa mara moja juu ya bati la jukwaa na maturubai ya wananchi, na sauti yake ikafuta sauti nyingine zote duniani. Kwenye mitambo ya Tumpe picha zilipepesuka. Siku hizi kamera hazivuti nyaya. Zinarusha picha na sauti kwa mwale wa mwanga mpaka garini, na mvua nzito huukata mwale huo. Kwa sababu hiyo mitambo yote ina kiraka. Mwale ukikatika, kiraka kinakisia kilichopotea kwa kuangalia yaliyotangulia, kinashona picha na sauti, na mtazamaji hahisi kitu. Sheria inaruhusu sekunde tatu tu, basi. Zikizidi, skrini inatakiwa iwe nyeusi na watu wasubiri.

Skrini haikuwa nyeusi. Mstari wa njano wa kiraka ukawaka chini ya picha, ukahesabu tatu, nne, tano, ukaendelea na safari zake.

"Mzee," alisema Tumpe. "Mzee, hii kitu mbona haisimami?"

Mzee Mwaisumo aliangalia mstari wa njano, akawa kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Kwenye skrini kubwa nyuma ya jukwaa, ambayo kijiji kizima kilikuwa kinaitazama, Mheshimiwa Nzunda alitupa karatasi pembeni. Akainua mikono yote miwili. Uso wake ukafunguka kwa tabasamu ambalo uso ule haukuwahi kulijua. "Jamani, jamani, jamani!" spika zilinguruma kuishinda hata mvua. "Mimi na mke wangu kipenzi tulikaa chumbani, tukatazamana, tukasema: hawa watu wataaibika sisi tukiwepo? Haiwezekani! Mimi na familia yangu tunatoa wodi ya wazazi! Nasema wodi! Vitanda kumi na viwili, na magodoro yake, na mashuka yake! Kamati oyee! Weka muziki, weka muziki!" Na mabega yakaanza kucheza.

Ilolwa ililipuka. Vigelegele vilitoka chini ya kila turubai, akina mama wakaingia kwenye mvua na vitenge vyao vya sherehe, mtu akaanza kupiga ndoo. Mheshimiwa halisi, aliyeipa skrini mgongo, hakusikia hata neno moja, maana spika zote zilielekezwa kwa watu na bati lilikuwa linapiga kelele juu ya kichwa chake. Alikuwa bado anasoma karatasi yake. Aliinua macho akaona watu wanalia kwa furaha, akaitazama karatasi, akawatazama tena watu. Halafu, kwa aibu kidogo, akapunga mkono.

Mwale ukarudi. Mstari wa njano ukazimika. Ulikuwa umehesabu sekunde thelathini na moja.

*

Hotuba ilipoisha, mvua nayo ikaisha, na watu wakaenda kwenye chakula. Ndani ya gari la mitambo hakuna aliyekuwa na njaa. Sekela alikuwa ameingia akiwa amelowa chapachapa, amefunga mlango kwa ndani, na kioo cha muhuri kilikuwa kinahesabu kurudi nyuma juu ya meza: dakika hamsini na mbili.

"Jumamosi," alisema Mzee Mwaisumo. "Ile sendofu ya kumuaga binti kule Uyole. Mvua ilikuwa inakata mwale pale mama wa bibi harusi alipoanza kulia. Nikasema hapana, kilio cha mama hakikatwi. Nikafungua kiraka kutoka sekunde tatu hadi dakika moja. Harusi haigongwi muhuri, si kosa."

"Na hukurudisha."

"Sikurudisha. Halafu kuna jambo la pili."

"Sema."

"Kiraka hakijui kuongea mpaka ukilishe. Hotuba za hawa wakubwa nilizijaribu, kikawa kinakwama, hakioni zinakoelekea. Kwa hiyo nimekilisha zetu za Jumamosi. Sendofu, vikao vya harusi, harambee za kanisa. Miaka sita yote."

Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi anajua kinachosemwa mgeni anaposimama na watu wakamtazama. Kiraka kilisikia risala inaomba wodi, kikaona mtu mzima amesimama mbele ya wenye shida na kipaza sauti mkononi, kikafanya ambacho mtu yeyote aliyelelewa kwenye harambee angefanya. Kikachangia.

Tumpe alitaka kumgombeza, akakumbuka orodha yake mwenyewe. Kabla ya kila hotuba ya kiapo mwongozaji hupitia orodha ya vipimo kumi na viwili, na cha saba ni ukomo wa kiraka. Asubuhi ile alitia sahihi orodha yote kwa mpigo mmoja, huku akigombana na kamati kuhusu ua la plastiki lililokuwa linaziba kidevu cha mgeni rasmi. Kosa lilikuwa la Mwaisumo na la kwake pia, na la kwake ndilo lililokuwa na kiapo.

"Alisema nini hasa?" aliuliza.

Sekela alichomeka kamera yake. Kila kamera ina kadi tumboni inayoshika ilichokiona kwa saa moja tu, kisha inajifuta na kuanza upya. Mheshimiwa halisi akatokea, midomo ikienda taratibu: "... tunatambua kwamba upo umuhimu wa kuanza mchakato wa kuangalia namna bora ya kuunda timu itakayopitia mapendekezo ya awali kuhusu uwezekano wa..." Sekunde thelathini na moja ziliisha na sentensi haikuwa imeisha.

Wote watatu wakakitazama kioo cha muhuri.

"Gonga muhuri, dada Tumpe," alisema Sekela.

"Unajua ninachothibitisha nikigonga."

"Najua. Kadi yangu inajifuta baada ya nusu saa. Hakuna atakayejua hapa duniani." Sekela alikuwa mtu wa utani tangu asubuhi hadi jioni, na sasa sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Mimi kwetu ni kijiji kinachofuata hapo chini. Dada yangu alijifungulia katikati ya mlima huo, juu ya machela, wanaume wanne wamegeuka wakiangalia miti. Mtoto yupo, yuko darasa la pili. Dada hayupo."

Tumpe alikuwa amefanya naye kazi miaka minne na hakuwahi kulisikia hilo. Lilimchoma.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema Mwaisumo polepole. "Uongo naujua kwa sura. Lakini sijawahi kuona uongo wenye vitanda kumi na viwili."

Kilichokuwa kinamsumbua Tumpe hakikuwa kifungo, ingawa kifungo kilikuwepo kwenye sheria na aliweza kuutaja ukurasa. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Mwaka Tumpe alipoingia sekondari, ilitoka video ya baba yake akiwatukana wazazi wa wanafunzi, maneno machafu, kwa sauti yake na kwa kikohozi chake kabisa. Hakuwahi kuyasema. Ilichukua miaka minne kuthibitishwa, na katika miaka hiyo hakuna jirani aliyeketi naye benchi moja kanisani. Tumpe alikula kiapo cha urekodi kwa ajili ya lile benchi. Na sasa alikuwa na kidole, kioo, na mtu mwingine aliyeshonewa maneno mdomoni. Maneno mazuri, safari hii. Akajaribu kujiambia kwamba mazuri ni tofauti. Akamfikiria dada yake Sekela, na kwa dakika nzima akaamini kwamba ni tofauti, mkono ukasogea kuelekea kwenye kioo.

Hodi ikabishwa mlangoni.

*

Alikuwa Bi Atupakisye. Kwa uzee wake alikuwa amepanda ngazi za gari akiwa na sahani ya ndizi za nyama iliyofunikwa kitambaa, na aliiweka juu ya mtambo ambao hauruhusiwi kuwekewa hata kalamu.

"Ndaga, asanteni, wanangu. Nimeambiwa kuna kidole humu kinachogonga," alisema. "Nimekuja kukishika mkono. Nina wajawazito tisa kijijini. Wa kwanza ni wa mwezi ujao, nyonga zake nyembamba, nilikuwa silali kwa ajili yake. Leo nitalala."

Tumpe angeweza kupokea mkono ule na kunyamaza. Aliutazama, na alijua kwamba akiushika hataweza tena kusema.

"Kaa, bibi," alisema. "Yale maneno siyo yake."

Akamweleza yote: mvua, mwale, kiraka, sendofu ya Uyole. Akamwonyesha kadi ya kamera. Bi Atupakisye alitazama sentensi ya mchakato mpaka ilipokatika, akakunja kile kitambaa mara nne.

"Nilishangaa pale aliposema mke," alisema mwishowe. "Yule mama aliondoka mwaka juzi na makabati yote. Wilaya nzima inajua." Kisha akasema, "Ungegonga, nani angejua?"

"Hakuna."

"Sasa mimi unaniambia za nini?"

Tumpe alijaribu kueleza habari za baba yake na benchi. Zilitoka vipandevipande. Bi Atupakisye alimwacha amalize, maana ndiyo adabu.

"Nimekusikia, mwanangu. Na sitakuficha, nimekukasirikia sana. Ungeninyima wodi na kuniachia furaha ya leo. Umeninyima vyote."

Tumpe akainamia kioo cha muhuri. Machozi yalimlenga na hakuyaficha.

Wakiwa katika hali hiyo mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Mheshimiwa Nzunda mwenyewe, amekunja suruali kwa ajili ya matope, anang'aa. Nyuma yake alikuja Bwana Ulomi, usingizi bado umemkaa shavuni.

"Shikamoo, bibi. Poleni na kazi," alisema Mheshimiwa. "Nimekuja kuona ile sehemu waliyopiga vigelegele. Ile ya mchakato. Nimehutubia miaka kumi na mmoja, sijawahi kuona mchakato umepokelewa namna ile."

Tumpe akamchezeshea.

Bwana Ulomi alipofika kwenye neno "vitanda" alishika ukuta. "Futeni," alisema. "Futeni sasa hivi! Au msigonge. Msipogonga, kisheria hotuba haikuwepo. Hakuna ahadi, hakuna kiraka, hakuna kosa la mtu. Hata nyie mnapona. Tunapanda magari, tunaondoka."

Na kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa njia rahisi kuliko zote. Tumpe aliiona imenyooka mbele yake.

"Cheza tena," alisema Mheshimiwa.

Akacheza tena. Mheshimiwa alikuwa ameusogelea mtambo mpaka pumzi zake zinatia ukungu kwenye kioo. Aliyatazama yale mabega. Aliitazama mikono ikiinuka. Alipofika kwenye wale akina mama waliotoka kwenye mvua, akaomba icheze kwa mara ya tatu.

"Huyu mtu anapendwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Mheshimiwa, huyo ni mashine," alisema Ulomi.

"Najua ni mashine. Nasema anapendwa." Akageuka. "Fungu letu la majengo lina kiasi gani?"

"Mheshimiwa, nakusihi!"

"Nitakwenda kusema mwenyewe. Kwa mdomo wangu, iwe nyongeza ya hotuba ileile. Dada, zimebaki dakika ngapi?"

"Ishirini na moja," alisema Tumpe. "Lakini ninatangulia mimi. Watu wanaambiwa kwanza ukweli, ndipo wewe useme utakachosema. Ukisema hapana, nagonga hapana yako."

Bi Atupakisye alimtazama Tumpe kwa jicho jipya, la mkunga anayempima mzazi kama ataweza.

*

Tumpe alikuwa amewapanga wasemaji elfu moja kwenye jukwaa, na mwenyewe hakuwahi kupanda. Kipaza sauti kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Aliwaambia watu wa Ilolwa kwamba maneno waliyoyashangilia yalishonwa na mtambo, na kwamba kosa ni la kwake. Alitumia sentensi nne. Ndoo ikaacha kupigwa. Mama mmoja aliuliza, "Hata vitanda?" na Tumpe akajibu, "Hata vitanda," na mnong'ono wa hasira ukapita chini ya maturubai kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Alishuka, akaketi kwenye mitambo iliyoletwa ukingoni mwa jukwaa, akaufunga ule ukomo wa kiraka kwenye sekunde tatu. Akahakikisha mara mbili.

Mheshimiwa Nzunda akasimama mbele ya watu. Hakuwa na karatasi.

"Ndugu wananchi," alianza. "Mimi... mimi, kwa moyo wote, ninge... ninatambua."

Kule nyuma mtu akaguna.

"Nataka kusema kwamba na... na... naliangalia. Hapana. Nasema, mimi nata... mchakato..." Akashika shingo. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Kumbe miaka kumi na mmoja ya kuchujwa si mchezo. Neno lilikuwa tumboni, alilitaka litoke, na kila likifika kooni lilikuta mlango umekomewa. "Katika kuangalia uwezekano wa mi... mimi... ku..."

"Dakika kumi na nne," Sekela alinong'ona kwenye kisikizi. "Dada Tumpe, huyu atatufia hapa."

Ulomi, aliyesimama pembeni, alianza kupata matumaini.

Hapo ndipo Bi Atupakisye alipoinuka kwenye kiti chake. Alipanda jukwaani bila kuitwa, kwa mwendo wa mtu aliyefika kazini, akamshika Mheshimiwa kiganja, akamwangalia machoni.

"Umebana pumzi," alimwambia, na kipaza sauti kikamchukua. "Ukibana haitoki. Vuta ndani. Toa. Vuta ndani tena. Usiogope hawa watu, hawa wote nimewapokea mimi. Ikija usiizuie. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Inakuja?"

"Inakuja."

"Sukuma!"

"Na...," alisema Mheshimiwa, mishipa imemtoka. "Na... nato..."

"Kichwa kinaonekana!" alipaza sauti mama mmoja mbele, na kijiji kizima, ambacho dakika kumi zilizopita kilikuwa tayari kumrushia viazi, kikapokea kwa sauti moja: "Sukuma, baba! Sukuma!"

"Natoa!"

"Usiache hapo, mabega bado!"

"Natoa wodi! Ya wazazi! Hapa Ilolwa!" Alikuwa analia, au ni jasho, haikujulikana. "Itafunguliwa kabla ya mvua zijazo! Vitanda..." Akatazama juu, midomo ikahesabu kitu kimyakimya, na Ulomi akafumba macho. "Vitanda vinne!"

"Kumi na viwili!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Vinne," alisema Mheshimiwa, akihema. "Kumi na viwili sina. Vinne ninavyo."

Vigelegele havikuja mara moja. Watu kwanza walimtazama, kana kwamba wanataka kuhakikisha ni yeye. Kisha vikaja.

Kioo cha muhuri kilisoma dakika sita. Kabla ya kuweka kidole, mrekodi huulizwa kama kuna hitilafu ya kutaja, na Tumpe akaitaja yote: sekunde thelathini na moja, ukomo ulioachwa wazi, orodha iliyotiwa sahihi bila kusomwa. Palipoulizwa jina la mhusika aliandika lake. Mzee Mwaisumo alifungua mdomo kupinga, akaambiwa anyamaze. Tumpe akaweka dole gumba. Kioo kikawaka kijani kwa wodi ya Ilolwa, na punde si punde kikawaka chekundu kwa Tumpe Mwakatobe: kiapo chake kimesimamishwa miezi tisa.

"Tutakula harusi, hazigongwi muhuri," alisema Sekela, akamkumbatia kwa nguvu, maji ya mvua na yote.

Baadaye, watu walipokuwa wanakunja maturubai, Bi Atupakisye alirudi kwenye mitambo.

"Vitanda vinane vimepotelea kwenye mdomo wako," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Hivi vinne. Kuna mtu anaweza kuja kesho na mashine yake, na karatasi zake, aseme havikusemwa?"

"Hakuna. Kasema mwenyewe, na mimi nilimwona."

Bikizee akavuta kiti, akaketi. "Nionyeshe pale."

Tumpe akarudisha picha nyuma. Kwenye skrini ndogo mtu mzima alikuwa anatoka jasho, anagugumia, shingo imemvimba, macho yamemtoka, mdomo umepinda upande. Ilikuwa picha mbaya; mkono wa kazi wa Tumpe ulisogea wenyewe kwenye kitufe cha kurekebisha mwanga wa uso.

Bi Atupakisye aliushika mkono ule akauondoa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuhangaika kuyafuta.

"Usimguse," alisema. "Mwache hivyo hivyo."